Nameza dawa ya hofu, mbona moyo ndio wazidi kunienda mbio?

Assalaam aleikum Bi Mfamasia,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mkaazi wa Likoni, Mombasa, karani katika bohari moja huko Shimanzi. Nina mke na watoto wawili. Tangu utotoni nina pumu. Si kali, lakini pampu haitoki mfukoni.

Mambo yalianza mwaka jana ndani ya feri, jioni, watu wamejaa hadi ukingoni. Hata hatujafika katikati ya maji, ghafla moyo ukaanza kudunda mpaka nikaona shati linatikisika kifuani. Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, vidole na midomo ikafa ganzi, pumzi haishuki. Nikajua leo ndiyo leo, nakufa mbele za watu. Mama mmoja muuza samaki alinikalisha juu ya ndoo yake akawa ananipepea kwa kipande cha boksi. Tulipofika ng'ambo nilikuwa mzima, ila nimelowa chapachapa na uso sina pa kuuweka.

Tangu hapo imenishika tena na tena: kwenye feri, kwenye matatu, mara moja msikitini siku ya Ijumaa nikiwa safu ya katikati siwezi kutoka. Nilikwenda hospitali moja, nikapimwa moyo kwa ECG, presha, sukari, damu na ile tezi ya shingoni. Vyote safi. Daktari akanambia, "Huna kitu." Nikarudi nyumbani na huna kitu yangu. Mamangu akaita mwalimu, nikasomewa, nikanywa kombe la maandishi ya aya. Nilipata nafuu kidogo kisha yakarudi.

Sasa kuhusu dawa. Kwanza duka la dawa la mtaani walinipa vidonge vya Valium. Bi Mfamasia, sikufichi, nusu saa tu mwili wote ukalegea, nikalala kama sijawahi kulala. Vilipokwisha nikarudi kuvichukua tena, na tena. Halafu rafiki yangu wa kazini, ambaye ana presha, akanigawia propranololi yake. Akasema hata watu wanaotetemeka mbele ya umati huimeza. Kweli moyo ulitulia na mikono ikaacha kutetemeka, lakini hofu ilibaki palepale, na usiku ule kifua kilinibana nikavuta pampu hadi alfajiri. Mwisho mke wangu akanivuta kwa daktari wa akili. Huyu akanikataza Valium na kuniandikia sertralini, miligramu 50 kila siku. Hii ni wiki ya pili. Tumbo laenda, usingizi hauji, jasho jingi, na moyo ndio wazidi kunienda mbio kuliko kabla sijaanza.

Kwa akili yangu, iliyotuliza mwili kwa nusu saa ndiyo dawa, na hii inayonizidishia ndiyo sumu. Nirudi kwenye Valium? Au niendelee na hii lakini nichanganye na ya presha kidogo tu, ya kutuliza moyo? Mke wangu naye asema ni kahawa za barazani. Feri sivuki tena. Jirani yangu mwenye gari ndiye hunipitisha barabara ya kuzunguka ya Dongo Kundu, nafika kazini jua limepanda, na bosi ameanza kuuliza.

Mzungukaji wa Dongo Kundu

*

Waaleikum salaam, mdogo wangu,

Nianze na lisiloweza kungoja. Hiyo propranololi ya rafiki yako usiimeze tena, hata nusu, hata robo. Wewe una pumu. Propranololi huziba vipokezi, yaani vituo vya kupokea ujumbe, ambavyo adrenalini, homoni ya mshtuko, hutumia kuupigisha moyo mbio, ndiyo maana wako ulitulia. Lakini vipokezi vya jamii hiyohiyo viko pia kwenye mirija ya mapafu, na kazi yake huko ni kuiweka wazi. Vikizibwa, mirija inabana. Tena pampu yako ya salbutamoli hufanya kazi kwa kupitia vipokezi hivyohivyo, kwa hiyo siku utakapoihitaji sana inaweza isikufae. Usiku ule uliovuta pampu hadi alfajiri ungeweza kuishia pabaya. Rafiki yako alikutakia mema, sina ugomvi naye, ila dawa ya presha huandikwa kwa jina la mtu mmoja na ina sababu zake.

Hata kama usingekuwa na pumu, umeshajionea mwenyewe mpaka wake. Ilizuia dundo na mtetemo, hofu ikabaki. Na si dalili zote za mwili inazozigusa. Jasho haliondoi sawasawa, na ile ganzi ya vidole na midomo haiigusi kabisa, kwa sababu ganzi haitoki moyoni. Inatokana na kupumua.

Hapo ndipo aliyekuambia huna kitu alipokuacha njiani. Vipimo vilisema kweli, moyo wako ni mzima. Ila ulichonacho kina jina, ni ugonjwa wa paniki, na dalili zake ni za mwili hasa, hukuzibuni. Ubongo unatangaza hatari mahali ambapo hatari hakuna, adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unapiga kwa nguvu, misuli inatetemeka, tumbo linavurugika. Wewe unaanza kuhema. Ukihema kupita kiasi unatoa kabonidioksidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza, tindikali ya damu inapungua, kalsiamu iliyo huru ndani ya damu inashuka, na neva zinaanza kujiwasha ovyo. Hiyo ndiyo ganzi yako, na wengine vidole hata hujikunja vikakataa kunyooka. Mishipa inayopeleka damu kichwani nayo husinyaa kidogo, ndipo kizunguzungu na ile hali ya kuona watu kama wako mbali. Unaona yote haya, unaamua kwamba unakufa, na uamuzi huo unamwaga adrenalini nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kwa kawaida paniki hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka yenyewe hata usipomeza kitu. Kumbuka siku ya ndoo ya samaki: ulifika ng'ambo mzima na hukuwa na kidonge hata kimoja. Sasa tuitazame Valium. Kidonge cha diazepamu, ambayo ndiyo dawa yenyewe iliyomo ndani ya Valium, huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi ukikimeza. Paniki kileleni dakika kumi, kidonge nusu saa. Nina hakika mara nyingi ulikimeza wakati hofu yenyewe ishaanza kuteremka, na sifa zote zikaenda kwa kidonge.

Sisemi haina nguvu. Inazo, tena nyingi. Huongeza kazi ya GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza mwendo wa neva, hivyo misuli inalegea, mtetemo unakoma, usingizi unakuja. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza unasema wazi dawa za jamii hii zisitumike kutibu ugonjwa wa paniki, na sababu si kwamba hazitulizi. Mwili huzizoea ndani ya wiki chache, na zikianza kutoka huacha moyo mbio, jasho, mtetemo na kukosa usingizi, yaani dalili zilezile ulizokuwa unazikimbia. Mtu anasema ugonjwa umerudi, anameza tena. Vidonge vya ukoo huohuo ndivyo vijana wetu mitaani wanaviita bugizi, na sote tunajua walikofika navyo. Aliyekuuzia bila karatasi ya daktari alikukosea.

Hapa nina swali ambalo barua yako haikulijibu: uliimeza Valium kwa muda gani, na kila siku au mara mojamoja? Kama ilikuwa kila siku kwa wiki kadhaa kisha ukaacha siku moja ulipoanza sertralini, basi huenda sehemu ya huu moyo unaokwenda mbio ni Valium inayotoka mwilini, nawe unailaumu sertralini. Tena kukata ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuleta degedege, kwa hiyo hupunguzwa kidogokidogo chini ya macho ya daktari. Je, daktari wako wa sasa anajua ulirudi dukani mara ngapi? Kama hajui, mpigie leo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Tuje kwenye hiyo unayoiita sumu.

Sertralini hufanya kazi kwenye serotonini, kemikali nyingine inayobeba ujumbe wa neva. Haimgusi mtu kwa nusu saa, na haikutengenezwa kutuliza paniki iliyokwisha kuanza. Inamezwa kila siku, hofu ipo au haipo, ili baada ya wiki kadhaa ule ubongo unaotangaza hatari bila sababu upunguze kutangaza. Mwanzoni mwili hulalamika, na wenye ugonjwa wa paniki hulalamika zaidi kuliko wengine. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, ndiyo maana choo kimelainika, na wengine hupata kichefuchefu. Mtetemo, jasho, usingizi kukatika, moyo kushtukashtuka, haya yote ni ya siku za mwanzo na mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili tatu. Shida ni kwamba mtu mwingine angesema tu "tumbo laniuma", lakini wewe mwili wako umeshajifundisha kusikiliza kila dundo. Dundo dogo la dawa linakuwa mwanzo wa paniki kamili.

Kwa sababu hiyo, anayetibiwa paniki kwa kawaida huanzishwa miligramu 25 kwa wiki ya kwanza, ndipo apandishwe hadi 50. Wewe ulianza na 50 moja kwa moja. Huenda daktari alikuwa na sababu zake, lakini muulize: naweza kurudi nusu kidonge kwa siku chache kisha nipande? Ni swali la adabu na halitamkera. Usijipunguzie wala kuacha mwenyewe. Muulize pia kuhusu saa ya kumeza. Kama unameza usiku, kuhamia asubuhi baada ya chai huwasaidia wengi kulala. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, hata Ramadhani haisumbui, utameza baada ya kufuturu au wakati wa daku.

Nafuu ya kwanza hutarajiwa kati ya wiki ya pili na ya sita, na hesabu kamili hufanywa karibu na ya kumi na mbili. Najua ni mbali kwa mtu ambaye bosi ameanza kuuliza. Lakini jambo linalowafanya wengi waache dawa nzuri ni kwamba wanapima nafuu kwa kushika kifua.

Kuna kisa cha zamani ninachokipenda. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali ya Hillside huko New York, daktari Donald Klein na mwenzake Max Fink walikuwa wakiijaribu imipramini, dawa ya kizazi kilichotangulia sertralini, kwa wagonjwa ambao hofu zao zilishindikana. Wiki za mwanzo wagonjwa walisema haisaidii, na madaktari nao hawakuona kitu. Waliogundua ni wauguzi. Mgonjwa aliyekuwa akikimbilia meza yao kila mara kupiga kelele kwamba anakufa alikuwa ameacha kukimbia. Mwenyewe alikuwa hana habari. Ukimuuliza angekwambia bado ana wasiwasi, bado anaogopa itamshika. Haikuwa ikimshika tena. Mwaka 1964 Klein alichapisha hoja kwamba paniki yenyewe ni kitu kimoja, na ule wasiwasi wa kuingoja paniki ni kitu kingine, na kwamba dawa ile ilikomesha ya kwanza huku wa pili ukibaki.

Kwa hiyo kazi ya wale wauguzi mpe mkeo. Asikuulize moyo unaendaje. Aandike kwenye kalenda ya ukutani ulichofanya: umekwenda Kongowea sokoni, umepanga foleni ya M-Pesa hadi mwisho, umesali Ijumaa ndani na si kwenye viatu mlangoni. Ikifika wiki ya sita mpelekee daktari kalenda hiyo. Moyo unaweza kuwa bado unadunda siku fulani huku maisha yameanza kurudi, na wewe mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua.

Mkeo amepatia nusu kuhusu kahawa. Kahawa chungu haikukuletea ugonjwa, lakini kafeini huongeza mapigo na mtetemo, na kwa wenye paniki inaweza kuiamsha. Vikombe ni vidogo, sawa, ila najua havinywewi kimoja. Na kile cha baada ya Isha, saa tano baadaye karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Keti barazani kama kawaida, kunywa tangawizi, watakucheka siku mbili. Muguka hukuitaja nami sikutuhumu, lakini kwa wanaosoma haya: majani yale ya kutafuna yana kathinoni, na moyo wenye paniki hauna haja ya kichocheo kingine. Pampu yako pia hutetemesha mikono na kuharakisha moyo kwa dakika kadhaa. Ukijua hivyo hutashtuka. Na ukishindwa kutofautisha pumu na paniki, vuta pampu. Kifua kinachotoa mluzi ni pumu, ganzi ya midomo ni paniki, lakini ukiwa na shaka, pampu kwanza. Ule ushauri wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi usiufuate kabisa, mwenye pumu unaweza kumdhuru.

Kisomo cha mwalimu hakigombani na kidonge. Endelea nacho. Mwambie daktari tu kama kuna miti shamba unayokunywa, maana hiyo inaweza kugongana na dawa. Kwa upande wa dawa za maumivu, tramadoli usiiguse ukiwa kwenye sertralini, na Brufen au diklofenaki usizimeze ovyo, kwa sababu zikikutana na sertralini hatari ya tumbo kuvuja damu huongezeka. Nazo, kwa mwenye pumu, wakati mwingine hubana kifua.

Mawili zaidi ambayo hutoyauliza mbele za watu. Sertralini huweza kupunguza hamu au kuchelewesha mambo chumbani. Wanaume wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, ilhali ukimweleza daktari kuna njia za kurekebisha. Na jasho huenda likabaki hata hofu ikiondoka. Kaskazi ikishika, Mombasa nzima inatoka jasho, kwa hiyo shati kulowa peke yake usiihesabu kuwa ni paniki.

Ukipona, dawa huendelezwa angalau miezi sita, mara nyingi hadi mwaka, kisha hushushwa taratibu. Ukiikata siku moja unaweza kupata kizunguzungu na hisia za umeme kupita kichwani. Hazimaanishi kwamba umekuwa mtumwa wa dawa kama wa bugizi, mwili unaomba tu ushushwe polepole.

Kidonge hakitakuvusha feri peke yake. Mwombe daktari akupeleke kwa mshauri anayejua tiba ya fikra na mwenendo. Kama fedha ni ngumu, kuna kliniki ya akili Coast General na kitengo cha afya ya akili Port Reitz. Wakati unangoja, anza kidogo: saa za mchana watu wakiwa wachache, shuka hadi kivukoni na mkeo, simama, acha feri moja iondoke bila nyinyi. Moyo utadunda. Toa pumzi polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, na usiondoke mpaka dundo lipungue lenyewe. Rudia hivyo hata wiki nzima kabla ya kupanda. Jirani wa Dongo Kundu mshukuru, na mwambie mapema kwamba utampunguzia safari. Kila unapozunguka, ubongo wako unaamini kwamba feri ilikuwa hatari kweli.

Haya yafuatayo si ya kungoja barua yangu. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba mzigo na kuisha ukipumzika, yanayopanda taya au kushuka mkono, au kuzimia kabisa: nenda hospitali hata kama ECG ya mwaka jana ilikuwa safi. Pumu isiyosikia pampu, vivyo hivyo. Na katika wiki hizi za mwanzo ukihisi huwezi kutulia hata kukaa kitini, au yakikujia mawazo ya kujidhuru, mwambie mkeo na mwende kwa daktari siku hiyohiyo.

Ukienda kliniki beba vyote kwenye mfuko mmoja: sertralini, pampu, Valium iliyobaki, na hata kile kipande cha propranololi kilichosalia mfukoni. Vimwage mezani mbele yake, kisha mweleze ulivimeza lini na kwa mpangilio gani.